Unaunda API ya kusoma anwani za MAC? Anza kwa kuifuta leta_mac()

Fungua laibrari yoyote ya kusoma anwani za kadi za mtandao, karibu kila mara utakuta ndani kuna fanksheni moja inaitwa get_mac, leta_mac au jina linalofanana na hilo, haipokei kitu, inarudisha stringi moja, basi. Na kila anayeiona anaona sawa tu, maana tushazoea kusema "MAC ya kompyuta" utadhani kompyuta inayo moja. Haina moja. Anwani ya MAC, ile namba inayoitambulisha kadi kwenye mtandao, ni ya kadi, yani ya intafesi, na laptopu ya kawaida inaweza kuwa na intafesi tano sita bila mwenyewe kujua, nyingine hazina hata anwani. Sa ukiuliza "nipe MAC" bila kusema ya nani, hata msimbo wako uwe msafi vipi jibu litakuwa la kubahatisha.

Naandika hii kwa vijana wanaotengeneza programu za maduka, za gesti, za shule na vitu kama hivo, ambao huku Tanga ndo wananifuata sana na ombi lilelile, "kaka nipe kamsimbo ka kuchukua mac". Mifano nitaiweka kwa C, maana kitu kikishakaa vizuri kwenye C unaweza kukifunga ukakiita toka Python, PHP, Java, popote unapotaka. Ila wazo ni lilelile hata ukiandika kwa lugha nyingine.

Kwanza tuangalie kitu chenyewe. Hii ni orodha toka laptopu ya Linux, amri ni ip -br link, nimepunguza safu zisizotuhusu, na ile namba ya kadi ya waya nimeibadilisha nikaweka moja ya zile zilizotengwa rasmi kwa ajili ya mifano ya maandishi, zinazoanza na 00:00:5e:00:53. Na wewe ukiandika maelezo ya laibrari yako tumia hizohizo, usimwage namba za kadi za watu.

```
lo        00:00:00:00:00:00
enp2s0    00:00:5e:00:53:2a
wlp3s0    7a:1c:90:4e:d3:08
docker0   02:42:5f:11:c0:7b
tun0
```

Hiyo lo ni ya kompyuta kuongea na yenyewe, haina kadi wala waya, na sifuri zake si anwani, ni nafasi tu iliyojazwa. enp2s0 ndo tundu la waya, hiyo ni anwani ya kiwandani. tun0 ni ya VPN, haina anwani kabisa na wala haihitaji. docker0 imezaliwa na programu, ukiifuta Docker inaondoka nayo.

Yenye mambo ni wlp3s0, ile ya Wi-Fi. Itazame baiti ya kwanza, 7a. Anwani ya kawaida ina biti 48, yani baiti 6, na kwenye hiyo baiti ya kwanza kuna biti mbili zinazokupa habari za bure. Biti ya mwisho kabisa, yenye thamani ya 1, ikiwaka maana yake hiyo ni anwani ya kundi, haiwezi kuwa ya kadi moja. Inayofuata, yenye thamani ya 2, ikiwaka maana yake anwani imewekwa na mtu au programu, haikutoka kiwandani. Kwa macho tu unaijua, tarakimu ya pili ikiwa 2, 6, a au e basi ni ya kuwekwa. Kwa hiyo hiyo 7a inakwambia mfumo umebuni namba na kuificha ya kweli. Biti hiyo ikiwa imezimwa ndo baiti tatu za mwanzo zinatokana na mgao wa IEEE, shirika linalogawa namba hizi, kwa mtengenezaji, na mgao mmoja mkubwa unampa anwani 16,777,216. Lakini usije ukakata baiti tatu ukasema ushamjua mtengenezaji, maana IEEE inagawa pia mafungu madogo ya biti 28 na 36, so hizo tatu za mwanzo wanaweza kuwa wanazichangia makampuni mengi tu.

Sa hebu fikiria leta_mac() ingekupa ipi hapo. Wengi wanachukua ya kwanza kwenye orodha, wengine ya kwanza isiyo sifuri, wengine ile yenye IP. Zote tatu zinafanya kazi siku unayomwonesha mteja.

Duka moja la vifaa vya ujenzi, Ngamiani Barabara ya 9, mwenye duka mama mtu mzima. Programu yake ya mauzo, alouziwa na watu wengine huko, iligoma kufunguka asubuhi wateja wamejaa, nikaitwa.

"Shikamoo bi mkubwa. Mashine imefanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Yanambia leseni si ya kompyuta hii. Na mie sijanunua nyingine, ni hiihii alonifungia yule kijana."

"Kuna kitu mmechomeka hivi karibuni?"

"Mjukuu kachomeka kile kimodemu jana, intaneti ya waya ilikatika."

Kwisha habari. Modemu ya USB imejitambulisha kama kadi ya mtandao, orodha ikajipanga upya, ikakaa juu, programu ikachukua ya kwanza, leseni ikakataa. Nikachomoa modemu, programu ikafunguka, mama akabaki anaitazama ile modemu kwa jicho baya. Lakini modemu haina kosa hata kidogo, aliyekosea ni aliyeamua kwamba "ya kwanza" ni kitu cha kutegemea. Mifumo ya uendeshaji haijakuahidi mpangilio wowote, na intafesi za siku hizi ni waja leo waondoka leo kama wasemavyo kuhusu mji wetu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya API yako, yani zile fanksheni ambazo programu nyingine zitaziita, rudisha orodha nzima, kila intafesi na sifa zake, na umwachie anayeita achague mwenyewe kwa sababu zake. Kazi yako ni kumpa habari za kutosha kuchagua, usimchagulie. Kitu kama hiki:

```c
typedef struct anw_orodha   anw_orodha;
typedef struct anw_intafesi anw_intafesi;

int    anw_soma(anw_orodha **matokeo);
size_t anw_idadi(const anw_orodha *o);
const anw_intafesi *anw_kadi(const anw_orodha *o, size_t i);
void   anw_achia(anw_orodha *o);

const char *anw_jina(const anw_intafesi *k);
int anw_aina(const anw_intafesi *k);
int anw_ya_sasa(const anw_intafesi *k, const uint8_t **baiti, size_t *urefu);
int anw_ya_asili(const anw_intafesi *k, const uint8_t **baiti, size_t *urefu);
```

Cha kuangalia hapo ni kwamba struct hazijafunguliwa, anayeita haoni ndani, anauliza kwa fanksheni. Wengi wanaona usumbufu, wanataka struct wazi wasome moja kwa moja. Mi nakataa, kwa sababu mwakani utataka kuongeza sehemu moja tu, mfano kasi ya kadi au kama ni ya USB, na struct ikiwa wazi ukubwa wake unabadilika, kila programu iliyojengwa na toleo la zamani inaanza kusoma takataka mpaka ijengwe upya. Ikiwa imefungwa unaongeza fanksheni nyingine na hakuna anayeumia.

Na zile baiti ni pointa inayoelekea ndani ya orodha, inaishi mpaka uite anw_achia. Liandike hilo kwenye maelezo kwa sentensi moja isiyo na kona. Faida yake anayeita hahangaiki na bafa, yani nafasi ya kupokelea data, hajui ukubwa, haulizi mara mbili.

Matumizi yanakuwa hivi:

```c
anw_orodha *o;
if (anw_soma(&o) != ANW_SAWA) return 1;

for (size_t i = 0; i < anw_idadi(o); i++) {
    const anw_intafesi *k = anw_kadi(o, i);
    const uint8_t *b; size_t n;
    if (anw_ya_sasa(k, &b, &n) == ANW_IPO)
        chapisha(anw_jina(k), b, n);
}
anw_achia(o);
```

Orodha ni picha ya dakika ileile uliyoita. Usiweke ndani ya laibrari kitu cha kukumbuka jibu la jana halafu unampa mtu leo, anayetaka kulihifadhi atalihifadhi mwenyewe. Na mpangilio usiuahidi. Ukiweza kwenye toleo la majaribio uichanganye orodha makusudi kila inapoitwa, watu wataacha wenyewe kutegemea ya kwanza.

Hapa sasa ndo penye uzito, na ndo laibrari nyingi zinaanguka. Jibu la "haipo" lina sura nyingi. Intafesi inaweza kuwa haina anwani kwa asili yake, kama ile tun0. Inaweza kuwa nayo ila mfumo umekataa kukuonesha. Inaweza kuwa hujui tu, mfano umeuliza ya asili na draiva haina habari. Na inaweza kuwa kuomba kwenyewe kumefeli, kumbukumbu imeisha au kitu kingine. Ukizirundika zote kwenye stringi tupu au kwenye sifuri sita, anayeita atazichukulia kama anwani halali, ataziandika kwenye database, na siku moja utakuta mashine arobaini zimesajiliwa kwa 00:00:00:00:00:00, kila moja inaonekana ndo ileile.

Mi nazitenganisha hivi: ANW_IPO, ANW_HAINA, ANW_IMEFICHWA, ANW_HAIJULIKANI, na makosa ya kuomba yanatoka kwenye anw_soma peke yake, hayachanganywi na hali ya kadi. Orodha tupu pia si kosa. Mashine isiyo na kadi yoyote ipo, na jibu lake ni idadi sifuri na ANW_SAWA.

Mfano wa kujifunzia upo kwenye Python. Kuna uuid.getnode(), inakupa anwani ya kadi kama namba ya biti 48, na ikishindwa kupata haikwambii, inabuni namba yoyote na kuiwashia ile biti ya kundi. Hilo lipo kwenye maelezo yake na lina sababu, kwa kazi ya kutengeneza UUID, yani vitambulisho visivyojirudia, inatosha kabisa, ndo ilichoundiwa. Ila watu wameichukua wakaifanya kitambulisho cha mashine, na kwenye mashine ambayo haikupata kadi unaona namba mpya kila programu inapoanzishwa. Ukilazimika kuitumia angalia biti hiyo kwanza. Lakini wewe unayeunda yako, usibuni kitu. Kama hujui sema hujui, mbona ni neno rahisi.

Umeona pia nimeweka fanksheni mbili, ya sasa na ya asili. Fikiria gari, kuna namba ya chesisi iliyogongwa kiwandani na kuna pleti namba inayoonekana barabarani. Mtandao unaona pleti. Ukitaka kufungua njia kwenye ruta au kusoma nani kaunganishwa, unahitaji ya sasa, kwa sababu ndo inayosafiri kwenye waya na hewani. Ukitaka kuorodhesha vifaa vya ofisi stoo unahitaji ya asili. Kosa la kawaida ni kuamua mwenyewe ndani kwa ndani ipi utoe, siku nyingine hii siku nyingine ile kulingana na draiva.

Kwenye Linux, ile ya asili unaipata kwa netlink, njia ya programu kuongea na kerneli (kiini cha mfumo), sehemu inaitwa IFLA_PERM_ADDRESS kama kerneli si ya zamani, au kwa mkono ethtool -P enp2s0. Na kuna faili moja dogo watu hawalijui, /sys/class/net/enp2s0/addr_assign_type, lina namba moja tu ndani: 0 anwani ni ya kudumu, 1 imebuniwa, 2 imechukuliwa toka kifaa kingine, 3 imewekwa na mtumiaji. Hiyo iweke kwenye API kama sifa, inamsaidia sana anayechagua. Upande wa Windows GetIfTable2 inakupa safu zenye PhysicalAddress na PermanentPhysicalAddress, zote mbili pamoja.

Halafu urefu. Usiandike uint8_t mac[6] kwenye sura ya nje ya API, utajuta. Ethernet na Wi-Fi ni 6 sawa, lakini zipo za baiti 8, na InfiniBand, mtandao wa kasi wa kompyuta kubwa, kwenye Linux ni 20. Najua utasema nani ana InfiniBand Tanga, na mi sijaiona hata bandarini, lakini laibrari ikishatoka haijui inaendeshwa wapi. Programu ya ifconfig imekuwa ikibeba onyo kwa miaka kwamba anwani za InfiniBand inaweza kuzionesha vibaya, kisa njia ya ioctl inayotumia, ile ya zamani ya kuuliza kerneli, haina nafasi ya baiti zote 20. Kerneli ya Linux yenyewe imetenga 32 kama upeo, na wewe ndani fuata huohuo, nje toa pointa na urefu. Na usizigeuze kuwa namba. Hizo ni baiti zilizopangwa, si hesabu ya kujumlisha, na ukimpa mtu wa JavaScript ya baiti 8 kama namba itapotea mwishoni maana namba zake ni salama mpaka biti 53 tu.

Sasa chini ya kifuniko, ambako ndo utatoka jasho kidogo.

Linux ina njia nyingi na zote utazikuta kwenye mafundisho ya mtandaoni. Ya zamani ni SIOCGIFCONF kupata orodha kisha SIOCGIFHWADDR kwa kila moja. Achana nayo, ile ya kwanza inakupa intafesi zenye anwani ya IPv4 peke yake, kwa hiyo waya ukichomoka kadi inaweza kutoweka kwenye orodha yako. Kusoma /sys/class/net ni rahisi na kwa skripti inatosha. getifaddrs na kuchuja AF_PACKET ni nzuri kwa kazi nyingi. Mi kwa laibrari ya kweli naenda netlink, ombi la RTM_GETLINK, inaleta kila kitu kwa mkupuo: jina, aina, anwani, hali. Kusoma hakuhitaji kuwa root, yani msimamizi wa mashine, kwa hiyo ukiona laibrari inaomba sudo ili isome tu MAC iogope.

Kompyuta za Mac, za Apple, na jamii ya BSD ni getifaddrs hiyohiyo ila unachuja AF_LINK, na baiti unazichukua kwa makro LLADDR, kwa sababu jina la intafesi limewekwa mbele ya anwani kwenye sehemu hiyohiyo. Wanaosoma mwanzo wa data wanapata herufi za "en0" wakidhani ni anwani, wanakaa siku nzima wanashangaa.

Windows ni GetAdaptersAddresses. Hii unaipa bafa, ikiwa ndogo inakurudishia ERROR_BUFFER_OVERFLOW na ukubwa unaotakiwa, Microsoft wenyewe wanashauri uanze na KB 15. Ujanja ni kwamba kati ya kuambiwa ukubwa na kuita tena mtu anaweza kuchomeka kimodemu, bafa ikawa ndogo tena, kwa hiyo zungusha mara kadhaa kabla ya kukata tamaa. Na mzunguko huo ubaki kwako, usimtupie anayeita. Jina nalo angalia: AdapterName ni ule mkufu wa namba kwenye mabano ambao haubadilikibadiliki, FriendlyName ndo lile linalosomeka, na mtumiaji anaweza kulibadilisha saa yoyote. La kwanza litumie kama ufunguo, la pili la kuonesha kwenye skrini.

Na angalia hili dogo: ile lo kwenye Linux inarudi na sifuri sita, kwenye Windows na Mac urefu wake ni 0. Kitu kimoja, sura mbili. Kazi ya laibrari ndo hiyo sasa, kote irudi ANW_HAINA, anayeita asijue tofauti. Sifuri sita kwenye kadi yoyote ya Ethernet zichukulie hivohivo, si anwani halali.

Simu nitapita haraka, kwa sababu mlango umefungwa. iOS toka toleo la 7 mwaka 2013, na Android toka 6.0 mwaka 2015, ukiomba MAC ya Wi-Fi kwa apu ya kawaida unapewa 02:00:00:00:00:00, kila simu hiyohiyo. Android za baadaye njia ya NetworkInterface nayo inakurudishia null. Hiyo 02 na sifuri zake usimpitishie anayeita, igeuze iwe ANW_IMEFICHWA. Na hata ungeipata, Android 10 na iOS 14 zinabuni anwani tofauti kwa kila Wi-Fi. Wanaochanganya na IMEI, hiyo ni kitu kingine kabisa, namba ya kifaa kwenye mtandao wa simu, haihusiani na hapa.

Kuna na lile la wenye gesti kule Raskazone, wanataka tovuti yao ipate MAC ya mgeni akifungua ukurasa. Haiwezekani bwana. Brauza haitoi, na anwani ya MAC haivuki ruta, seva iliyoko mbali inaona IP tu. Anayeweza kuiona ni ruta yenyewe ya gesti, maana ipo mtandao mmoja na simu ya mgeni, na atakachoona ni hiyohiyo ya kubuni. Kwa hiyo API ya kusoma kadi zako na API ya kusoma majirani, lile jedwali la ARP linaloonesha IP ipi ina MAC ipi, zitenganishe kabisa, majina tofauti, laibrari tofauti ikibidi.

Uchapishaji wa maandishi nao weka kando kwenye fanksheni yake. Linux inaandika kwa nukta pacha na herufi ndogo, Windows kwa vistari na herufi kubwa, Cisco makundi ya tarakimu nne kwa nukta, 0000.5e00.532a. Kutoa chagua mtindo mmoja ushikilie huo. Kupokea pokea yote matatu, herufi kubwa na ndogo, na ukumbuke amri ya arp kwenye Mac inaacha sifuri za mbele, inaandika 0:0:5e:0:53:2a, kisomaji kinachosubiri herufi 17 kamili kitaikataa. Ukiwa Java, baiti zina hasi na chanya, ukitumia Integer.toHexString utaona ffffff imejitokeza mbele ya baiti zinazoanzia 80.

Kuhusu leseni, maana najua wengi ndo mlichokuja nacho. Usifunge leseni kwa MAC. Anayejua amri moja anaibadilisha ndani ya sekunde, na asiyejua kitu ndo anayefungiwa duka. Kadi mbili zilizofungwa pamoja zinatumia anwani moja, intafesi za VLAN, yani mitandao midogo iliyogawanywa juu ya kadi moja, zinarithi ya mama yao, na adapta za bei chee za USB unaweza kukuta mbili zina anwani ileile. Ukitaka kuitambua mashine, Linux ina /etc/machine-id, Windows ina MachineGuid kwenye rejista chini ya SOFTWARE\Microsoft\Cryptography, Mac ina IOPlatformUUID. Nazo zina udhaifu wao, mtu akinakili diski nzima amenakili na kitambulisho, lakini hazibadiliki kwa kuchomeka modemu. Andika hili kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo ya laibrari yako, kabla hata ya mfano wa kwanza.

Na kama unazikusanya anwani za wateja kuzipeleka kwenye seva yako, kumbuka toka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ipo Tume ya kuisimamia. Namba inayomfuata mtu na simu yake kila anapoenda usiihifadhi kwa sababu tu unaweza. Laibrari yenyewe isiandike anwani kwenye logi kamwe, hata logi ya makosa.

Kujaribu sasa. Ukijaribu kwenye laptopu yako tu utaona kila kitu kinapita, maana laptopu yako ndo uliyoiandikia. Tenganisha sehemu inayouliza mfumo na sehemu inayojenga orodha, ili uweze kuilisha data ya kutunga: kadi mbili zenye anwani moja, ya baiti 20, ya baiti 0, ile 02 ya simu, jina lenye herufi za Kiarabu kwenye Windows. Halafu kwenye Linux tengeneza kadi za uongo za kweli, hapo ndo utahitaji root:

```
ip link add name jaribio0 type dummy
ip link set dev jaribio0 address 02:00:5e:00:53:01
ip link del jaribio0
```

Kwa mashine isiyo na mtandao huna haja ya kuchomoa chochote, unaipa programu chumba chake:

```
ip netns add chumba
ip netns exec chumba ./jaribu
```

Humo ndani kuna lo peke yake tena imezimwa. Programu ikianguka, au ikitoa anwani yoyote ile, rudi kwenye msimbo. Ukimaliza hiyo andika kitanzi kinachoita anw_soma bila kupumzika huku dirisha lingine linaongeza na kufuta jaribio0 mfululizo, uiache hivo ukanywe kahawa, na ukirudi angalia mawili: kumbukumbu haijapanda, na hakuna hata mara moja jina la kadi moja limetoka na anwani ya nyingine.